Kuvu Ndani ya Nyumba? Anza na Uvungu

Kila baada ya mvua za masika, vyumba vingi vya Kiganjo hubaki na harufu ambayo kufagia na kupiga deki hakuiondoi. Ni harufu ya udongo mbichi na mbao zilizolowa. Nguo kabatini hunuka hivyo hivyo, viatu vya ngozi huota unga wa kijivu, na mtoto aliyeanza kukohoa mwezi Mei huwa bado anakohoa mwezi Julai. Wenye nyumba husugua kuta, hupaka rangi mpya, kisha husahau hadi mvua inayofuata. Kuvu hurudi pale pale kwa sababu chanzo chake mara nyingi hakiko ukutani. Kiko chini ya sakafu.

Makala haya yanahusu nyumba zenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa kutoka ardhini kwa nguzo au kwa msingi wa mawe. Nafasi iliyobaki kati ya udongo na sakafu ndiyo inayoitwa hapa uvungu wa nyumba. Kiganjo, kama ilivyo Mweiga, Naro Moru na miji mingine inayouzunguka Mlima Kenya, ina nyumba nyingi za namna hii: za mbao na mabati zilizojengwa na wananchi wenyewe, vyumba vya kupangisha vilivyopangwa mstari mmoja, na nyumba za zamani za mawe ya kuchonga zenye sakafu ya mbao. Mwenye nyumba ya sakafu ya simiti atapata ya kumfaa katika sehemu inayoeleza maji ya paa, lakini mengine hayamhusu sana.

Neno moja lielezwe kabla ya kuendelea. Wakazi wengi huita kuvu "ukungu", jina lile lile la ule ukungu unaoshuka asubuhi kutoka mlimani. Hapa, kuvu ni ile inayoota kwenye mbao, na ukungu ni ule wa hewani. Vyote viwili ni habari ya maji, ndiyo maana Kiganjo havikosekani.

Mji uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kati ya Mlima Kenya na safu ya Aberdare. Mvua huja mara mbili kwa mwaka, kuanzia Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba. Katikati yake kuna Juni, Julai na Agosti, miezi ya baridi ambayo jua linaweza kukosekana siku kadhaa mfululizo. Mbao iliyolowa mwezi Aprili haipati nafasi ya kukauka kabla ya Septemba, na Oktoba inalowa tena. Waliokuwa na nyumba hapa wakati wa mvua za El Niño mwishoni mwa 2023, zikafuatwa na mvua kubwa za Aprili na Mei 2024, wanajua maana ya uvungu usiokauka.

Mbegu za kuvu haziwezi kufukuzwa. Ni ndogo kuliko vumbi, zimejaa hewani kila mahali, na huingia nyumbani pamoja na upepo. Zinachohitaji ili ziote ni chakula na unyevu. Chakula ni mbao yenyewe, na hiyo ipo tayari. Kilichobaki ni unyevu, nao ndio peke yake mwenye nyumba anaweza kuuondoa. Sehemu iliyolowa na kuachwa bila kukaushwa inaweza kuanza kuota kuvu ndani ya siku moja au mbili. Mbao iliyokauka vizuri, yenye unyevu usiofika asilimia 20 ya uzito wake, haiozi hata ikikaa miaka mingi. Kwa hiyo anayeuliza "ninunue dawa gani ya kuvu?" ameanzia mwisho. Swali la kwanza ni maji yanatoka wapi.

Mara nyingi yanatoka juu. Paa la mabati lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 6 linapopata mvua ya milimita 20, ambayo ni mvua ya alasiri moja tu katika mwezi wa Aprili, linakusanya lita 1,200. Hizo ni jerikeni 60 za lita 20. Nyumba isiyo na gata humwaga maji hayo yote kwenye mstari mmoja, kando kabisa ya msingi, na udongo wa pale huyapeleka ndani ya uvungu. Nyumba yenye gata iliyojaa majani ya mikalitusi haina tofauti na isiyo na gata. Kuna pia gata nzuri inayofikisha maji yote kwenye bomba moja, na bomba hilo likayamwaga pembeni mwa nguzo ya kona. Nguzo hiyo ndiyo huoza kwanza, na fundi akija hulaumu mchwa.

Maji mengine huja na mteremko. Shamba likiwa juu ya nyumba, maji ya juu ya ardhi hushuka na kusimama kwenye ukuta wa nyuma. Hapo ndipo wengi huwa wamepanda maua au sukumawiki, na kila wanapoinua tuta kidogo udongo hupanda hadi kugusa ubao wa kwanza wa ukuta. Mbao inayogusa udongo hunywa maji kama utambi. Kuna maji ya matumizi pia: bafu la mbao lililobandikwa ubavuni mwa nyumba, karo ya jikoni inayomwagika nje ya dirisha, bomba linalovuja taratibu chini ya sakafu. Kwa bomba kuna kipimo rahisi. Mifereji yote ifungwe usiku, mita isomwe, kisha isomwe tena asubuhi kabla ya mtu yeyote kufungua maji. Namba zikiwa zimesogea, kuna mahali panavuja.

Chanzo cha nne hakionekani kwa macho. Udongo wenyewe hutoa mvuke hata ukionekana mkavu juu. Mvuke huo hupanda, hukutana na boriti na mbao za sakafu zilizopoa usiku, na hugeuka umande. Anayetaka kuhakikisha achukue kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, akitandaze juu ya udongo wa uvungu na kukibana kwa mawe pembeni. Baada ya saa 24 akifunue. Matone chini ya nailoni ni ushahidi kwamba ardhi inatoa maji, na maji hayo yangekuwa yamepanda hadi kwenye sakafu.

Ndipo linapokuja suala la matundu ya hewa, na hapa Kiganjo ndipo makosa mengi yalipo.

Mafundi wa zamani waliacha matundu chini ya sakafu pande zote za nyumba ili upepo uingie upande mmoja na kutokea upande wa pili. Nyumba nyingi zilizokuwa na matundu hayo leo hazina. Yamezibwa kwa matambara, kwa mabati, kwa kuni zilizopangwa hadi juu, au kwa simiti kabisa. Sababu inaeleweka: mwezi wa Julai upepo wa chini ya sakafu hupenya kati ya mbao na kugandisha miguu, na mwenye watoto wadogo hawezi kulaumiwa kwa kutafuta joto. Wengine waliziba kwa ajili ya panya na nyoka. Lakini uvungu uliozibwa huwa kama sufuria iliyofunikwa. Mvuke wa udongo hauna pa kutokea isipokuwa kupitia sakafu kwenda chumbani, na katika safari hiyo huacha kuvu kwenye kila ubao unaoupitia.

Baridi ya miguu ina dawa nyingine. Nyufa kati ya mbao za sakafu zinaweza kuzibwa kwa vipande vyembamba vya mbao, na zulia la kitambaa au mkeka ukatandikwa juu. Zile kapeti za plastiki zinazouzwa kwa mita zinapendwa kwa sababu hupigwa deki kwa urahisi, lakini haziruhusu mbao kupumua. Unyevu unaopanda kutoka chini hunaswa kati ya plastiki na ubao, na sakafu huoza huku juu ikimetameta. Aliye nayo aikunje pembeni mwa ukuta na kutazama rangi ya mbao chini yake.

Kuhusu panya na nyoka, tundu lisizibwe bali liwekewe wavu mgumu wa waya wenye macho madogo. Kanuni inayotumiwa na wajenzi katika nchi nyingi ni mita moja ya mraba ya uwazi kwa kila mita 150 za mraba za sakafu. Kwa nyumba ya mita 60 za mraba tuliyoitaja, hiyo ni kama matundu manane ya sentimita 20 kwa 25, yakigawanywa pande zinazotazamana na moja likiwa karibu na kila kona. Wavu hupunguza uwazi, kwa hiyo kuongeza mawili si hasara.

Wakazi wenye simu watakutana kwenye intaneti na ushauri wa kinyume kutoka Marekani: kuziba uvungu kabisa, kuufunika kwa plastiki sakafu na kuta, na kuweka mashine ya umeme ya kukausha hewa. Ushauri huo si uongo. Katika majimbo yenye kiangazi cha joto na hewa nzito, hewa ya nje ikiingia kwenye uvungu uliopoa huleta maji badala ya kuyaondoa. Kiganjo hali ni tofauti. Hewa ya nje kwa kawaida ni baridi kuliko nyumba, na hewa baridi ikiingia mahali penye joto kidogo hupata uwezo wa kubeba unyevu zaidi na kutoka nao. Isitoshe, kuziba bila ile mashine, na bila umeme wa kuiendesha mchana na usiku, ni kurudi kwenye sufuria iliyofunikwa.

Inafaa kukumbuka kwamba nyumba ya asili ya Agikuyu ilijengwa kwa mbao katika baridi hii hii. Katikati yake kulikuwa na moto, na juu ya moto kulikuwa na itara, dari ndogo ya kukaushia kuni. Moshi na joto la kila siku vilikausha mbao na paa. Nyumba ya leo imeondoa moto ule, kwa manufaa ya macho na mapafu ya wakazi wake, lakini kazi ya kukausha iliyokuwa ikifanywa na moto sasa inaachiwa upepo. Ukiuzuia upepo, hakuna kingine kilichobaki. Na isifikiriwe kwamba jiko la makaa linaweza kuwekwa uvunguni likaushe. Limejaribiwa na watu, na ni njia ya kuchoma nyumba. Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa nalo hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, ambayo huua waliolala.

Hasara ya kwanza ya haya yote ni afya. Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 2009 mwongozo kuhusu unyevu na kuvu majumbani, na lilieleza kwamba wanaoishi katika nyumba za namna hiyo wako katika hatari zaidi ya kukohoa, kubanwa kifua, kupata maambukizi ya njia ya hewa na kuzidiwa na pumu. Mwongozo huo haukuweka kiwango cha kuvu kinachoweza kuitwa salama; ushauri wake ni kuzuia unyevu na kuiondoa kuvu popote inapoonekana. Watoto, wazee, wenye pumu na wale ambao kinga yao ya mwili imepungua ndio huumia kwanza. Hata hivyo, si kila kikohozi ni cha kuvu. Kikohozi kisichoisha kipelekwe kituo cha afya, na kifua kikuu kipimwe, badala ya familia kukaa ikisubiri mbao zikauke.

Hasara ya pili ni nyumba yenyewe. Kuvu inayoonekana juu ya mbao huharibu rangi na hewa, lakini pale unyevu unapodumu huja aina nyingine inayokula ubao kutoka ndani. Sakafu huanza kunesa mlangoni au karibu na karo. Anayetaka kujua hali ya boriti aichome kwa ncha ya bisibisi. Mbao nzima hukataa. Iliyooza hupokea bisibisi kama mkate. Mchwa nao hupendelea mbao laini yenye unyevu, hivyo kupulizia dawa ya mchwa bila kukausha uvungu ni kununua dawa hiyo kila mwaka.

Kuingia uvunguni kukague kunahitaji uangalifu. Mtu asiingie peke yake, wala asiingie ikiwa kuna nyaya za umeme zinazoning'inia au maji yaliyosimama karibu na waya. Umeme uzimwe kwenye swichi kuu kwanza. Avae mikono mirefu, glavu, viatu vilivyofunika mguu na barakoa inayobana vizuri puani, maana kuvu iliyotikiswa hujaza hewa. Pale ambapo uvungu ni mfinyu mno, ni afadhali kung'oa mbao mbili za sakafu na kutazama kwa tochi kutoka juu. Kitu cheupe kwenye mawe ya msingi si lazima kiwe kuvu. Kikidondoshewa maji kikayeyuka, ni chumvi iliyoletwa na maji kutoka ardhini, na kumbe nayo ni ishara kwamba maji yanapita hapo.

Kazi yenyewe hufuata mkondo wa maji. Gata huwekwa au husafishwa kwanza, na maji yake yapelekwe kwenye tangi, au yatolewe mita mbili au zaidi kutoka msingini kuelekea mteremko. Kwa Kiganjo, ambako wengi hununua maji mwezi wa Februari, tangi ni faida mara mbili. Upande wa juu wa nyumba uchimbwe mtaro wa kukatiza maji ya shamba, na usiishie kwa jirani, kwani hapo ugomvi huanza. Udongo unaogusa mbao uondolewe hadi pabaki nafasi ya sentimita 15 au zaidi, na maua yahamishwe. Kisha uvungu usafishwe: vipande vya mbao, magunia, kuni na makatoni vyote ni chakula cha kuvu na mwaliko kwa mchwa.

Baada ya matundu kufunguliwa, udongo wa uvungu unaweza kufunikwa kwa nailoni nzito ya ujenzi, ile nyeusi ya geji 1000 inayotandazwa chini ya slabu. Vipande vipandane kwa sentimita 30 na vibanwe kwa mawe. Marufuku ya mwaka 2017 ilihusu mifuko ya plastiki, kwa hiyo karatasi hii inauzwa madukani bila tatizo. Nailoni ifunike udongo tu, isipigiliwe chini ya sakafu. Na isiwekwe mahali ambapo maji ya mvua bado yanaingia, kwani itageuka bwawa.

Kusugua kuvu huja hapa, si mapema. Maji ya sabuni na brashi ngumu hutosha kwa mbao iliyo nzima, kisha ifutwe na kuachwa ikauke. Jik hufaa kwenye vigae na simiti, lakini kwenye mbao hung'arisha juu na kuacha mizizi ndani. Tena isichanganywe kamwe na siki, asidi au dawa za kusafishia choo, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Oili chafu ya magari, inayopakwa sana mashambani, haitibu mbao yenye maji. Hufungia maji ndani, hunuka miezi, na hushika moto kwa urahisi. Boriti zilizooza hubadilishwa, na zinazogusa msingi ziwekewe kipande cha karatasi ya lami ya kuzuia maji. Mtarakwa hustahimili, ila haupatikani kirahisi. Saiprasi au mkalitusi uliotiwa dawa kiwandani hufaa. Masalio ya mbao zenye dawa hiyo yasitumiwe kama kuni, hata kwa kuchemsha maji ya kuoga, kwa sababu baadhi ya dawa hizo zina aseniki.

Mbao nene huchukua wiki nyingi kukauka. Septemba, kabla ya mvua za Oktoba, na Januari hadi Februari ndiyo miezi ya kuifanya kazi hii.

Mpangaji hana mamlaka ya kuvunja msingi wa nyumba isiyo yake, wala hapaswi kulipia gata ya mwenye nyumba. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inahesabu jengo lililo katika hali ya kuhatarisha afya kuwa kero ya umma, na inampa afisa wa afya uwezo wa kukagua na kumwandikia mwenye nyumba notisi ya kuiondoa kero hiyo. Huduma za afya za kaunti ni jukumu la serikali ya kaunti chini ya Katiba ya 2010, kwa hiyo malalamiko hayo hupelekwa kwa afisa wa afya ya umma anayehudumia wadi, au katika ofisi ya msimamizi wa wadi ya Kiganjo/Mathari. Mpangaji aanze kwa kumweleza mwenye nyumba kwa maandishi na kubaki na nakala. Picha zenye tarehe zinasaidia, hasa zilizopigwa siku ya mvua, zikionyesha maji yanapoingia.